Sheikh Ali bin Hemed Al-Buhriy na Elimu ya Mirathi



Ndugu Waislamu, kila tunapozuru Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji, shauri moja halikosi kuletwa barazani. Mzee amefariki, ameacha minazi, mikorosho na shamba la mpunga. Alinena kwa mdomo kwamba sehemu ni ya msikiti, lakini hakuandika wala hakushuhudisha. Watoto wa mke mkubwa wana kauli yao, wa mke mdogo wana yao, na mwisho wake ndugu hawazikani.

Kwa sababu hiyo leo tunamkumbuka Sheikh Ali bin Hemed Al-Buhriy wa Tanga. Alizaliwa mwaka 1889 katika nyumba ya elimu. Baba yake, Sheikh Hemed bin Abdallah, ndiye mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi katika Mrima. Mwana naye akashika njia ya fiqhi, na baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika akawa kadhi wa Tanga, tangu 1921 hadi 1935.

Kazi ya kadhi ni kukaa kati ya wafiwa wanaogombana. Elimu ya faraidhi ilikuwamo katika vitabu vya Kiarabu, ambavyo wengi hawakuweza kuvisoma. Sheikh akaandika kwa Kiswahili risala aliyoiita Mirathi, ikachapishwa na serikali mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Philip Mitchell, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, kisha Kenya. Humo alieleza mafungu ya warithi, na mwishoni akaongeza milango ya wasia na hiba. Mwaka 1934 alitoa kitabu kingine, Nikahi. Alifariki mwaka 1957.

Nyongeza zile mbili ndizo dawa ya mashauri ya Rufiji. Maiti huzikwa kwa mali yake, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia, ndipo warithi hugawana. Wasia hauvuki theluthi, wala hapewi mrithi ila warithi wenziwe waridhie. Hiba hutolewa mtu angali hai, na mpewa akaipokea mkononi. Na anayetaka mnazi wake uhudumie msikiti daima, aufanye wakfu: shina halitauzwa wala kurithiwa, nazi zake ndizo zitakazotumika.

Basi mwenye mali aandike angali na afya, ashuhudishe waadilifu wawili, na ataje madeni yake. RITA hupokea na kuhifadhi wosia, na Mahakama ya Mwanzo huthibitisha msimamizi wa mirathi.

Sheikh Ali aliwaachia watu elimu kwa lugha yao. Anayekufa kimya huku akijua, huwaachia wanawe ugomvi.

Allah amrehemu Sheikh, na atuwafikishe sote. Amin.