Dk. Burkitt na uvimbe wa taya

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa mtoto alipoteza jicho moja, lakini akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Uganda, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Alipokusanya kumbukumbu za wagonjwa kama huyo, aliona wazi kuwa kisu hakiwaokoi. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali. Saratani hiyo ilikuwa nadra kwenye nyanda za baridi. Yeye na wenzake wakageukia dawa, na baadhi ya watoto wakapona. Alifariki mwaka 1993. Mzazi wa Isongole, uvimbe wa taya unaokua haraka usiudhanie jino tu. Mwahishe mtoto hospitali.