Isidor Rabi: Aliyeichunguza lithiamu kabla haijaingia kwenye simu

Msikilizaji, simu unayosomea makala hii ina betri ya lithiamu. Wasikilizaji wetu wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, wanajua taabu ya betri hiyo inapochoka. Simu inazima jioni, na kwenda Kigoma mjini kutafuta betri nyingine ni safari ya boti. Wanajua pia betri inayovimba mpaka inabenua mfuniko wa simu.

Lakini ndani yake kunatokea nini? Kuipasua ili uangalie hakusaidii, maana lithiamu ikikutana na hewa na unyevu hubadilika, na betri inaweza kuwaka moto. Wataalamu huichunguza ikiwa nzima, inachajiwa na kutumika. Njia wanayotumia ilianzia kwa mtu aliyefariki kabla betri hizi hazijaanza kuuzwa. Leo tunaeleza maisha yake.

Isidor Isaac Rabi alizaliwa tarehe 29 Julai 1898 huko Rymanów, mji mdogo ambao leo uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini. Akiwa bado mtoto mchanga, familia ilihamia New York, Marekani. Baba yake alishona nguo kwa ujira, baadaye akawa na duka dogo la vyakula. Rabi alisimulia ukubwani kwamba mama yake hakuwa akimwuliza amejifunza nini shuleni, bali kama siku hiyo ameuliza swali zuri. Aliamini kwamba hilo ndilo lililomfanya kuwa mwanasayansi.

Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Cornell na kumaliza mwaka 1919. Kwa miaka kama 3 hakupata kazi ya maana, na wakati huo Wayahudi walinyimwa nafasi nyingi viwandani na vyuoni. Akarudi masomoni, safari hii kwenye fizikia, na mwaka 1927 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kisha akaenda Ulaya. Huko Hamburg, Ujerumani, alijifunza kwa Otto Stern namna ya kurusha mkondo mwembamba wa atomi ndani ya chombo kisicho na hewa. Mwaka 1929 Columbia ilimwajiri kufundisha.

Swali lake lilikuwa hili. Kila atomi ina kiini katikati, na viini vingi ni kama sumaku ndogo sana inayozunguka kama pia. Je, nguvu ya sumaku hiyo ni kiasi gani? Hakuwa akifikiria simu, wala hospitali. Alitaka kujua tu.

Jibu lake tunaweza kulieleza kwa redio. Unapotafuta stesheni usiku, unajua kila kituo kina masafa yake. Ukipita kidogo tu, unasikia mvumo mtupu. Kiini cha atomi nacho, kikiwa ndani ya sumaku kubwa, kina masafa yake. Wimbi la redio la masafa hayo hukigeuza, na mawimbi mengine hayakigusi.

Mwaka 1938 Rabi na wenzake Jerrold Zacharias, Sidney Millman na Polykarp Kusch walitangaza kwamba wamefaulu. Waliitumia chumvi ya lithiamu, wakairusha kama mvuke mwembamba kati ya sumaku. Sumaku na wimbi la redio vilipopatana, viini viligeuka, na molekuli zilizofika mwisho wa chombo zikapungua ghafla. Kwa kazi hiyo Rabi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1944.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya kutengeneza rada, na alikuwa pia mshauri wa waliounda bomu la atomiki. Mwaka 1949 yeye na Enrico Fermi waliiandikia serikali ya Marekani kupinga kutengenezwa kwa bomu la haidrojeni, kwa hoja kwamba ni silaha ovu kwa namna yoyote utakavyoitazama. Serikali haikuwasikiliza.

Njia yake ilikua mikononi mwa wengine. Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na kundi lake, waliitumia kwenye vitu vya kawaida kama maji na nta, bila kuvigeuza mvuke. Baadaye ikazaa kipimo cha MRI cha hospitalini. Rabi mwenyewe alipougua uzeeni aliingizwa ndani ya mashine hiyo, akaiona sura yake ikiakisiwa humo. Alikiri kwamba hakuwahi kudhani kazi yake ingefika hapo. Alifariki New York tarehe 11 Januari 1988. Miaka 3 baadaye, kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za lithiamu za kuchaji.

Betri hizo zinafanya kazi hivi: ukichaji, lithiamu huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukitumia simu, hurudi. Ikichajiwa haraka mno, au kwenye baridi kali, sehemu ya lithiamu hubaki kama metali na huweza kuota nyuzi. Nyuzi zikitoboa utando unaotenganisha pande mbili, betri hupiga shoti na inaweza kuwaka.

Lithiamu iliyogeuka metali huitikia masafa tofauti kidogo na ile inayosafiri. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kuzitofautisha bila kufungua betri. Mwaka 2010 kundi la mwanakemia Clare Grey lilipima hivyo nyuzi hizo zikiota ndani ya betri inayofanya kazi. Walitumia betri ya mfuko laini, kwa sababu kasha la chuma huzuia mawimbi ya redio.

Fundi simu wa kijijini hana mashine hiyo, na hawezi kuona kilichomo ndani. Betri ikivimba, gesi imejaa humo. Acha kuichaji, usiitoboe, na usiitupe motoni.