Ettore Bugatti na Motokaa Zake Nyepesi

Katika bweni letu hakuna ubishi unaodumu kama ubishi wa motokaa za mbio. Mmoja husifu hii, mwingine ile, na hoja ni moja siku zote: yenye nguvu nyingi za farasi ndiyo bora. Mimi siikubali hoja hiyo, na shahidi wangu ni marehemu Ettore Bugatti, ambaye nataka kuwaeleza habari zake.

Bugatti alizaliwa katika mji wa Milan, nchi ya Italia, tarehe 15 Septemba 1881. Baba yake, Carlo, alikuwa fundi mashuhuri wa samani, na mdogo wake, Rembrandt, akawa mchongaji wa sanamu za wanyama. Katika nyumba hiyo ya sanaa Ettore alipenda mitambo. Mwaka 1901 alionyesha motokaa aliyoibuni mwenyewe, na kampuni ya De Dietrich ikamtaka kazini. Lakini kwa kuwa alikuwa hajafikia umri wa mtu mzima, ilibidi baba yake ndiye atie sahihi mkataba. Fikirini, alitupita sisi wa kidato cha nne kwa miaka michache tu!

Baadaye alifanya kazi Ujerumani, na huko, katika chumba cha chini ya nyumba yake mjini Cologne, akaunda motokaa ndogo kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka 1909 akaanzisha kiwanda chake Molsheim, katika jimbo la Alsace, kwenye majengo ya zamani ya watia nguo rangi. Alsace wakati huo ilikuwa chini ya Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikarudi kwa Ufaransa.

Mwaka 1911 fundi wake Ernest Friderich aliipeleka motokaa ya Bugatti kwenye mashindano ya Le Mans. Injini yake haikufika lita moja na nusu. Mshindi alikuwa na Fiat ya lita kumi, na Friderich akawa wa pili. Ni kweli kwamba wengi waliharibikiwa njiani, na kwamba Fiat ilimwacha mbali sana. Lakini magari makubwa yaliyovunjika yalikuwa na nguvu kuliko yeye, na hayakufika.

Motokaa iliyompa jina kuu ni Type 35 ya mwaka 1924. Ilikuwa na silinda nane, lita mbili, na nguvu za farasi kama 90. Magurudumu yake yalikuwa ya alumini, na ngoma ya breki ilikuwa sehemu ya gurudumu lenyewe, hata ukitoa gurudumu unaziona breki wazi mbele yako. Siku yake ya kwanza, mjini Lyon, mambo yalikuwa mabaya: tairi zilichanika, na Alfa Romeo, iliyokuwa na mtambo wa kushindilia hewa ndani ya injini, ikashinda. Bugatti hakupenda mitambo hiyo, ila mwaka 1926 naye aliikubali. Katika milima ya Sicily, kwenye mashindano ya Targa Florio ambako kona hazina idadi, motokaa zake zilishinda mara tano mfululizo, tangu 1925 hata 1929.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Monaco, mwezi wa Aprili 1929. Rudolf Caracciola alikuwa na Mercedes ya lita 7.1, yenye farasi zaidi ya 200 na uzito wa kama kilo 1,700. Mwingereza William Grover-Williams alikuwa na Bugatti ya lita 2.3, farasi kama 130, kilo kama 750. Chukueni kalamu mgawanye. Kila farasi wa Mercedes alivuta zaidi ya kilo 7. Kila farasi wa Bugatti hakufikisha kilo 6. Tena, uzito haudai wakati wa kuondoka tu. Hudai wakati wa kufunga breki, hudai kwenye kona, hula tairi na kunywa petroli. Caracciola alipigana kishujaa, lakini aliposimama kujaza petroli na kubadili tairi alipoteza dakika nyingi. Alimaliza wa tatu. Bugatti zilikuwa za kwanza na za pili.

Mtu huyu lakini alikuwa mkaidi. Husimuliwa kwamba mteja alipolalamikia breki zake, alijibiwa kwamba motokaa za Bugatti hutengenezwa ziende, si zisimame. Wenzake walikuwa wamekwisha kutumia breki za mafuta, naye akashikilia breki za kamba za chuma karibu hadi 1938. Halafu mtu huyo huyo wa vyombo vyepesi akaunda gari la fahari, Royale, la lita 12.7 na uzito wa kama tani tatu. Yalitengenezwa machache tu, na watatu tu ndio waliokuja kununua. Bahati njema, injini zake zilitiwa katika magari ya reli ya Ufaransa, na kiwanda kikapata riziki.

Mwaka 1934 ikatoka sheria kwamba motokaa ya mashindano makuu isizidi kilo 750, bila dereva, mafuta wala tairi. Hapo wepesi ukawa wa kila mtu. Mercedes na Auto Union, wakisaidiwa fedha na serikali ya Ujerumani, wakaleta farasi wengi zaidi na magurudumu yenye springi kila moja peke yake. Bugatti akaachwa nyuma. Alipata faraja Le Mans, aliposhinda 1937 na 1939. Lakini tarehe 11 Agosti 1939 mwanawe Jean, mwenye miaka 30, alikufa akiijaribu motokaa ile ile iliyoshinda mwaka huo, alipomkwepa mtu wa baiskeli barabarani.

Wakati wa vita Wajerumani walimlazimisha auze kiwanda. Alikirudisha kwa kesi mwaka 1947, na tarehe 21 Agosti mwaka huo huo akafariki.

Jina lake baadaye lilinunuliwa na wengine. Mwaka 2005 Molsheim ilitoa Bugatti Veyron, iliyopewa jina la Pierre Veyron, mmoja wa washindi wa 1939. Ina farasi 1,001 na hupita kilomita 400 kwa saa. Wenzangu bwenini hunitolea hiyo kila nikianza kusema. Nami huwaonyesha uzito wake, karibu kilo 1,900, na ubishi unaanza upya.