Bibi Gatewood na Njia ya Milimani

Mimi hutembea kilomita saba kila asubuhi kuja shuleni, na mvua ikinyesha hunung'unika njia nzima. Niliona haya niliposoma habari za Emma Gatewood, ajuza wa Marekani.

Emma alizaliwa mwaka wa 1887 katika jimbo la Ohio. Aliolewa mwaka wa 1907, akajaliwa watoto 11. Lakini ndoa yenyewe ilikuwa jehanamu. Mumewe alimpiga vibaya sana, naye akizidiwa alikimbilia msituni apate amani. Nadhani huko ndiko alikozoeana na miti. Talaka aliipata mwaka wa 1941.

Watoto walipokwisha kukua, alisoma makala kuhusu njia ya Appalachia, ipitayo milimani kutoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000. Makala ilimfanya aione njia hiyo kuwa rahisi kama ya kwenda sokoni. Wapi! Alama zake ni michirizi ya rangi nyeupe tu kwenye miti na mawe. Mwaka wa 1954 alianzia Maine, akapotea siku kadhaa. Miwani ikavunjika, chakula kikaisha. Alipojitokeza, walinzi waliokuwa wakimtafuta walimshauri arudi kwake. Akarudi kimyakimya.

Kumbe hajakata tamaa! Tarehe 3 Mei 1955, akiwa na miaka 67, alianza tena, safari hii kutoka Georgia. Wanawe aliwaambia anaenda kutembea tu. Hakuwa na hema. Alibeba begani mfuko aliojishonea, ndani mna blanketi, pazia la plastiki la kujikingia mvua, njugu, zabibu kavu na soseji za mkebe. Miguuni je? Raba! Raba jamani, kama hizi zetu za siku ya michezo. Usiku wa baridi alipasha mawe motoni akayalalia. Akibisha hodi kwa watu, wengine walimkaribisha, wengine walimfukuza.

Mwezi wa Agosti tufani mbili, Connie na Diane, zilileta mafuriko. Huko Vermont alikuta daraja limechukuliwa na maji. Angefanya nini, na kuogelea hajui? Aliketi kando ya mto akingoja, mpaka wakatokea vijana wawili wanamaji, wakajifunga kamba pamoja naye, wakamvusha.

Tarehe 25 Septemba, siku ya 146, alifika kilele cha Mlima Katahdin. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuimaliza njia yote peke yake katika msimu mmoja. Na aliwalalamikia waandishi wa magazeti kwamba njia ni mbovu, haitunzwi! Aliirudia mwaka wa 1957, kisha mara ya tatu kwa vipande, akamaliza mwaka wa 1964. Alifariki mwaka wa 1973, akiwa na miaka 85.

Nilipomsimulia nyanya yangu, alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akauliza, eti hizo raba aliuziwa pesa ngapi?