Sidi Mubarak Bombay

Mtu ateremkaye kutoka Mwanga hadi Ujiji huonyeshwa mahali walipokutana Stanley na Dokta Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871. Sisi leo twapenda kumtaja mtu aliyefika siku ile pamoja na Stanley, naye alikuwa amekwisha kuliona ziwa hili tangu Februari 1858: Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1820. Alitekwa angali mtoto, akauzwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, akachukuliwa Bara Hindi. Jina alilopewa na wazazi wake lilipotelea njiani, akabaki na jina la mji wa ugenini. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarudi huku, akawa askari wa Sultani wa Unguja. Ndiko alikoajiriwa na Burton na Speke mwaka 1857.

Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alilotaka kuwauliza wenyeji lilipitia kinywani mwa Bombay, kwa Kihindustani. Na kinywa hicho hicho ndicho alichokipiga ngumi katika safari yao ya pili, ya 1860 hadi 1863, hata meno yakang'oka. Stanley naye alimchapa fimbo. Ndio uungwana waliodai kutuletea!

Lakini ngumi ile si kitu mbele ya kitabu alichokitoa Speke mwaka 1863. Humo alidai kwamba Wahima na Watutsi, watawala wa nchi za maziwa, ni uzao wa wageni waliotoka Uhabeshi, walio bora kuliko Waafrika weusi. Hakuwa na ushahidi wa maana ila sura za watu, na mwenyewe aliiita dhana. Wabelgiji waliipokea kama ukweli: katika miaka ya 1930 kila Mnyarwanda alipewa kitambulisho chenye neno Mhutu, Mtutsi ama Mtwa. Mwaka 1994 vitambulisho vilidaiwa vizuizini, na maiti za Watutsi zikatupwa katika mto Nyabarongo, kwani wahubiri wa chuki walikwisha kusema warudishwe Uhabeshi kwa njia hiyo. Maji ya mto ule huishia Nyanza, ziwa ambalo Speke alilifikia Agosti 1858, Bombay akiwa naye.

Sisi wa mwambao huu tuliwapokea waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Hata hivyo, mitaani mwetu bado twasikia mtu akipimwa uraia wake kwa pua na kimo. Kipimo hicho hatukukirithi kwa babu zetu.

Bombay alirudi tena Ujiji mwaka 1874 pamoja na Cameron, wakaendelea kwa miguu hata bahari ya Atlantiki, Novemba 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na pensheni. Speke na Cameron walipewa za dhahabu. Alifariki mwaka 1885.