John Akii-Bua: Bingwa wa Olimpiki aliyegeuka mkimbizi

Tarehe 12 Agosti mwaka 2012, Stephen Kiprotich alipovuka mstari wa mwisho wa mbio za marathon katika barabara ya The Mall mjini London, Uganda ilijipatia nishani yake ya pili ya dhahabu katika historia ya michezo ya Olimpiki.

Waganda walikuwa wameisubiri kwa miaka 40.

Nishani ya kwanza iliwajia mwaka 1972 kwa miguu ya askari polisi kutoka Lango, kaskazini mwa nchi hiyo. Siku Kiprotich aliposhangiliwa London, askari huyo alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 15.

Jina lake ni John Akii-Bua. Alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mbio za mita 400 za kuruka viunzi chini ya sekunde 48. Lakini historia yake haiishii uwanjani, kwani inaonyesha pia jinsi ushindi wa mwanamichezo unavyoweza kumgeukia na kuwa mzigo, pale nchi yake inapotawaliwa kwa mtutu wa bunduki.

Mtoto wa Abako

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Disemba mwaka 1949 katika eneo la Abako, Lango. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa, na John alikuwa mmoja miongoni mwa watoto 43 wa nyumba hiyo.

Utoto wake ulikuwa kama wa vijana wengi wa kaskazini mwa Uganda: kuchunga ng'ombe, na masomo yasiyofika mbali. Kilichombadilishia maisha ni kujiunga na jeshi la polisi mjini Kampala.

Katika Afrika Mashariki ya miaka hiyo, polisi, majeshi na magereza ndivyo vilivyokuwa vyuo vya riadha. Kijana asiye na fedha alipata huko chakula, mshahara, uwanja na mwalimu. Akii-Bua alimkuta Jorom Ochana, afisa wa polisi aliyekuwa miongoni mwa waruka viunzi bora barani Afrika.

Baadaye alikabidhiwa kwa Malcolm Arnold, kocha Muingereza aliyekwenda Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 kuifundisha timu ya taifa, na ambaye miaka mingi baadaye alikuja kujulikana kama mwalimu wa Colin Jackson, bingwa wa dunia wa viunzi.

Akii-Bua hakuwa mtu wa mchezo mmoja. Alishiriki pia dekathloni, shindano la michezo kumi ambalo humtaka mtu huyo huyo akimbie, aruke, atupe tufe na arushe kisahani na mkuki. Nguvu za mwili mzima alizozipata huko zilimfaa sana katika viunzi.

Katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970 alimaliza wa nne. Aliyetwaa nishani ya fedha alikuwa William Koskei, ambaye wakati huo aliiwakilisha Uganda kabla ya kurejea kukimbilia Kenya, nchi yake ya asili. Mwaka uliofuata Akii-Bua alikimbia kwa sekunde 49 kamili nchini Marekani, na wataalamu wa riadha wakaanza kuuliza ni nani huyu.

Siku ya Munich

Mbio za mita 400 za viunzi zina vizingiti kumi, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 91.4, na kati ya kimoja na kingine pana mita 35. Mkimbiaji huhesabu hatua zake. Akichoka, hatua hufupika, hesabu huharibika, na mguu uliozoea kutangulia hujikuta mahali pasipo pake.

Akii-Bua aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Kwa hiyo uchovu ulipobadilisha hesabu yake, haukumvunjia mwendo. Arnold aliongezea juu ya kipaji hicho mazoezi makali ya kukimbia na kuruka viunzi akiwa amevaa fulana iliyotiwa vipande vya risasi, yenye uzito wa zaidi ya kilo kumi.

Fainali ya Munich, Ujerumani Magharibi, ilifanyika tarehe 2 Septemba mwaka 1972. Bingwa mtetezi alikuwa Muingereza David Hemery, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 tangu michezo ya Mexico mwaka 1968. Mmarekani Ralph Mann naye alitazamiwa kufanya vyema.

Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo waruka viunzi wengi huichukia kwa sababu kona zake ni kali.

Hemery alianza kwa kasi kubwa. Baadaye Mganda huyo alimfikia, na katika mita za mwisho alikuwa peke yake. Saa ilionyesha sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Mann alimaliza kwa 48.51 na Hemery kwa 48.52.

Hakusimama. Aliendelea kuuzunguka uwanja akipunga mikono na kuruka viunzi ambavyo havikuwapo, huku watazamaji wakimshangilia. Hadi leo wapo wanaoamini kuwa desturi ya mshindi kuuzunguka uwanja kwa furaha ilipata umaarufu siku ile.

Shujaa wa Amin

Furaha hiyo ilikuja katika mwaka mchungu. Mwezi Agosti Rais Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia nchini Uganda. Siku tatu baada ya fainali, wapiganaji wa Kipalestina waliwavamia wanamichezo wa Israel katika kijiji cha Olimpiki, na Waisraeli 11 wakapoteza maisha. Amin aliliunga mkono shambulio hilo hadharani. Hivyo jina la Uganda, lililosifiwa duniani kwa sababu ya Akii-Bua, liligeuka shutuma kabla ya mwezi huo kwisha.

Nyumbani alipokewa kwa shangwe. Alipandishwa cheo, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu katika michezo ya Afrika mjini Lagos.

Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila moja na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwezi Januari mwaka 1971. Wanajeshi wengi wa Lango na Acholi waliuawa baada ya mapinduzi hayo, na raia wa makabila hayo waliishi kwa hofu. Serikali iliyomtukuza Akii-Bua ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiwawinda watu wa kwao. Nishani ilimkinga, lakini pia ilimfunga kwa mtawala ambaye hakumchagua.

Mwaka 1976 alikuwa na nafasi ya kutetea taji lake mjini Montreal. Uganda iliungana na nchi zaidi ya 20, nyingi zao za Afrika, kususia michezo hiyo kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki wakati timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Akii-Bua hakukimbia. Mmarekani kijana, Edwin Moses, alishinda na kuivunja rekodi ya Munich kwa chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde.

Kambini na ugenini

Mwezi Aprili mwaka 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliiteka Kampala. Kwa Waganda wengi ulikuwa ukombozi. Kwa Akii-Bua ilikuwa hatari mpya. Afisa wa polisi aliyetunukiwa nyumba na Amin angeweza kuhesabiwa kuwa mtu wa Amin, hata kama ndugu zake wa Lango walikuwa miongoni mwa walioonewa zaidi.

Alikimbilia Kenya na familia yake, na bingwa wa Olimpiki akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo alikuwa amevaa viatu vyake, ilimsaidia kuondoka na kumpa kazi Ujerumani Magharibi.

Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda, katika michezo ya Moscow, akiwa na umri wa miaka 30. Hakufika fainali.

Mwaka 1983 alirejea nyumbani. Alirudi katika jeshi la polisi na kufundisha vijana riadha. Utajiri ambao mabingwa wa siku hizi huupata kwa mbio zao yeye hakuuona.

Akii-Bua alifariki dunia tarehe 20 Juni mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 47, na kuzikwa kwa heshima za kitaifa.

Tangu wakati huo viunzi vimerukwa kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 2021 mjini Tokyo, Karsten Warholm wa Norway alishinda kwa sekunde 45.94. Katika michezo hiyo hiyo Waganda Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai walitwaa dhahabu, na Chemutai akawa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kufanya hivyo.

Wote hao walirejea katika nchi iliyowaruhusu kuwa wanariadha tu. Akii-Bua, aliyewatangulia wote, hakuipata fursa hiyo.