Grace Hopper, aliyeitoa kompyuta mikononi mwa mafundi wa namba

Ukikaa na watu wanaoandika programu za kompyuta, ubishi huu utausikia tu. Mmoja anataka mzungumzie mfumo mzima utamsaidiaje mtumiaji, mwingine hatoki kwenye memori na kasi ya mashine. Grace Hopper aliishi katikati ya ubishi huo.

Alizaliwa New York, Marekani, Desemba 9, 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa za kuamshia saba, moja baada ya nyingine, aone zinafanyaje kazi. Mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea. Mwaka 1934 akapata udaktari wa hisabati Yale, huku akifundisha Chuo cha Vassar.

Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto akaomba kuingia jeshi la wanamaji. Akaambiwa umri umeenda, na uzito wenyewe hautoshi. Akatafuta kibali maalumu mpaka akapata, na Desemba 1943 akaapishwa. Mwaka uliofuata akapelekwa Harvard kwenye Mark I, limashine la mita 15 hivi lililopokea maelekezo kupitia ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu.

Hapo ndipo akaona shida. Wenzake walinakili vipande vya programu kutoka kwenye madaftari ya kila mmoja, na katika kunakili wakawa wanakosea. Si uzembe, ni ubinadamu tu. Sasa kwa nini mashine isinakili yenyewe? Mwaka 1952, akiwa kwenye kampuni iliyotengeneza UNIVAC, akatoa A-0. Unaitajia namba ya kipande unachotaka, inakitafuta na kuunganisha vyote.

Watu wakamgomea. Kompyuta ni ya kupiga hesabu, walisema, haiwezi kuandika programu. Ukiniuliza mimi, wengine walikuwa wanalinda ulaji na heshima: karani akiweza kuiamuru mashine, fundi wa namba anabaki na nini?

Hopper akaendelea. Ikaja FLOW-MATIC, ambayo kazi za ofisini ziliandikwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. COBOL, iliyoanza kubuniwa 1959, ilichota mengi humo, na mpaka leo kuna benki zinazoitegemea.

Ila usidhani aliyadharau mambo ya ndani ya mashine. Kwenye mihadhara aligawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi. Gawanya sekunde moja mara bilioni: huo ndio umbali ambao mwanga unasafiri katika kipande kimoja cha muda huo. Maofisa wakuu wakiuliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, anawaonyesha waya. Kwa waandishi wa programu alikuwa na mzigo mwingine, waya wa karibu mita 300, umbali wa sehemu moja ya milioni ya sekunde, wajue wanachopoteza wakizembea.

Jeshi lilimstaafisha 1966, mwaka mmoja baadaye likamwita tena kuweka sawa matumizi ya COBOL. Aliondoka kabisa 1986, ana miaka 79, akiwa na cheo cha uadmirali. Alifariki Januari 1, 1992, akazikwa Arlington. Meli ya kivita USS Hopper inabeba jina lake.